Shoka la Kuazima na Gari Lililopaki Juani

Somo la wiki: 2 Wafalme 6:1–7



Kila Jumapili kabla ya ibada kuanza, katibu wetu husimama na kutangaza kwamba simu zote zizimwe, na kwamba wenye usafiri ni vema wakaziacha kabisa ndani ya magari yao. Tangazo hilo nililianzisha mimi. Nilichoka kusikia miito ikilia katikati ya maombi ya toba, nikaona njia rahisi ni simu kubaki nje. Leo naomba mniruhusu nilitengue nusu yake. Simu zizimwe, ndiyo. Lakini tafadhali msiziache kwenye magari. Nitawaeleza sababu, na katika kueleza itanibidi nikiri jambo moja ambalo wengi wenu hamlijui.

Tazameni kwanza uwanja wetu. Tuna miarobaini mitatu upande wa lango. Anayewahi ibada ya saa mbili asubuhi hupata kivuli, akafunga vioo, akaingia ndani na moyo mweupe. Ila kivuli cha saa mbili si kivuli cha saa tano. Kufika wakati wa matangazo jua limeshahamia juu ya paa, na lile gari lililokuwa kivulini linapigwa jua la utosi. Na hizi wiki za Kwaresma hapa Dar es Salaam ndizo wiki za joto kali: kaskazi inavuma, hewa imejaa unyevu, na kipimajoto mchana hugusa nyuzi 32 au 33. Sisi tuko ndani tunapepewa na feni. Kule nje, vitu vyetu vinapikwa.

Sasa nisimulie.

Mwaka jana, miezi kama hii, niliazima kompyuta ya mpakato kwa kijana mmoja wa kanisa letu. Kijana huyu anarekodi harusi, kipaimara na misiba, na kompyuta hiyo ndiyo jembe lake: anahariri picha humo, anatunza kazi za wateja humo, na kwayo analipia chumba na kumsomesha mdogo wake. Nilihitaji kuonyesha picha kwenye semina ya wazee wa kanisa. Akanipa bila hata kuuliza nitairudisha lini. Semina iliisha saa sita kasoro. Nikaweka kompyuta kiti cha nyuma pamoja na pawabenki na chaja yake, nikavifunika kitenge ili wezi wasivione, nikawasha gari kwenda kuirudisha. Njiani nikapigiwa simu kwamba kuna msiba Tabata. Nikasema nitaingia dakika kumi, nitoe pole, niombe, niondoke.

Nyote mnajua msibani hakuna dakika kumi. Mjane akakaa karibu yangu, akanishika mkono, akaanza kusimulia. Nisingeweza kuuondoa mkono ule, na hata leo sijutii muda niliokaa naye. Nilitoka saa tisa. Kitasa cha mlango kiliniunguza vidole. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni kama mtu anayefunua sufuria ya pilau. Niliigusa kompyuta kupitia kile kitenge, ikawa ya moto kama pasi. Nikawasha kiyoyozi, nikaenda nayo hadi kwa kijana, nikamkabidhi na kumshukuru. Sikusema neno kuhusu Tabata.

Siku chache baadaye akanipigia. Kompyuta haifungi vizuri, akasema. Tumbo lake limeinuka, na ile sehemu ya kupapasia kwa kidole imepasuka kwa kusukumwa kutoka chini. Hapo, wapendwa, ndipo nilipoanguka. Nilimjibu, "Pole sana kijana wangu. Labda betri ilikuwa ya zamani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haina shida, mchungaji." Neno hilo nililala nalo usiku kucha.

Kesho yake nilimfuata kwa fundi. Fundi alikuwa amekwisha kufungua mgongo wa kompyuta, na betri ilikuwa imevimba kama mto mdogo. Akasema bila kuniangalia, "Hii imepikwa."

Tangu siku hiyo nimejifunza kinachotokea ndani ya gari lililofungwa, na nataka nanyi mkijue, kwa maana hatuwezi kutunza vizuri kitu ambacho hatuelewi kinaumizwa na nini.

Mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila shida. Ukifika ndani unapiga dashibodi, viti na usukani, navyo vinapata moto. Vikishapata moto vinatoa joto lao wenyewe, lakini joto la namna hiyo halipenyi kioo kama mwanga ulivyopenya. Hewa iliyopashwa nayo haina pa kutokea, maana milango imefungwa. Hivyo joto linaingia kila dakika na linatoka kidogo mno. Mwaka 2005 watafiti wa California walichapisha vipimo vyao: ndani ya saa moja joto la gari lililofungwa lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 kuliko nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko, takriban 80%, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Walijaribu pia kushusha vioo kidogo, kama wengi wetu tunavyofanya, na haikusaidia kitu cha maana. Basi piga hesabu: Dar nyuzi 32, ongeza 22, unafika 54. Na kumbuka nusu saa ni fupi kuliko mahubiri yangu.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima magari yaliyopaki juani siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 38 na zaidi. Baada ya saa moja, hewa ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, viti 51, usukani 53, na dashibodi 69. Yaliyopaki kivulini yalipata nafuu, lakini hata humo dashibodi ilifika nyuzi 48. Dashibodi ndipo dereva wa taksi anapobandika simu yake ya kuonyesha njia. Ndipo mama anapotupa simu akishuka kununua nyanya.

Sasa simu, kompyuta, pawabenki na spika ndogo za kwaya zote zinatumia betri za lithiamu. Betri hizi ni zawadi kubwa. Ziliingia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliozifanikisha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Lakini betri hizi haziwezi joto. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba simu zake zitumike mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35, na zikiwa zimezimwa zisiwekwe penye zaidi ya nyuzi 45. Na inaonya waziwazi kuhusu magari yaliyopaki. Ndani ya betri mna kimiminika cha kemikali. Joto likizidi, kimiminika hicho huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi isipopata pa kutokea, betri huvimba. Ikiwa imejaa chaji, huumia zaidi. Betri iliyojaa ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 hubaki na takriban 80% ya uwezo wake. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 40, hubaki na 65% hivi. Ndiyo maana simu iliyokuwa ikikaa na chaji hadi jioni inaanza kukata moto saa saba, nasi tunalaumu simu.

Mara nyingi madhara yanaishia hapo: betri inachoka kabla ya wakati, kioo kinabanduka gundi, kompyuta inazima ghafla. Lakini betri yenye kasoro, iliyowahi kuanguka au kubonyea, au pawabenki ya bei poa isiyo na kinga ya ndani, inaweza kufika mahali joto lake lenyewe linazalisha joto zaidi, hadi ikatoa moshi wa sumu na kuwaka. Moto ukianzia kiti cha nyuma cha gari lililopaki katikati ya mengine arobaini, hautauliza ni gari la nani.

Nimesimulia mengi ya mafundi na watafiti. Sasa turudi kwenye somo letu, maana siku ile kwa fundi ndilo lililonijia.

Wanafunzi wa manabii walikuwa wamebanwa mahali walipoishi. Wakamwomba nabii Elisha ruhusa waende mto Yordani, kila mmoja akate boriti, wajenge pa kukaa. Wakamsihi aende nao, naye akaenda. Mmoja wao akiwa anakata mti, chuma cha shoka kikachomoka, kikazama majini. Mtu yule akapiga kelele kwa uchungu. Na uchungu wake ulikuwa na sababu moja: shoka halikuwa lake. Aliliazima.

Nilikuwa nimesoma habari hii miaka mingi na kuiona ndogo. Imekaa baada ya kuponywa kwa Naamani jemadari, na kabla ya majeshi ya Shamu kupigwa upofu. Katikati ya majemadari na majeshi, Roho Mtakatifu ametutunzia habari ya chombo cha fundi kilichoanguka mtoni. Siku zile chuma kilikuwa ghali. Mwanafunzi maskini asingeweza kulipa shoka, na mwenye shoka naye angebaki bila kazi. Mungu wa Israeli aliona jambo hilo linastahili mkono wake. Basi na mimi sina haki ya kusema kwamba kompyuta ya kijana ni kitu kidogo kisichohusu imani. Kila chombo cha kazi kina mtu nyuma yake, na nyuma ya mtu huyo kuna watoto wanaosubiri kula.

Angalieni pia kwamba shoka lile lilipotea katika kazi njema. Yule mtu hakuwa akicheza wala kuiba. Alikuwa akijenga nyumba ya watumishi wa Mungu, na nabii alikuwa pale pale. Nami nilikuwa msibani, namfariji mjane. Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hilo. Nilijiambia kwamba Bwana anajua nilikuwa wapi. Ndiyo, anajua. Lakini kazi njema niliyoifanya kwa mjane haikunipa ruhusa ya kuharibu kitu cha kijana. Wengi wetu tunaanguka hapa. Tunakimbilia huduma, kwaya, vikao vya harusi, michango, na tukiwa katika mbio hizo za heri tunaacha juani vitu na watu tuliokabidhiwa, tukisema, "Nakuja sasa hivi."

Kisha Elisha akauliza swali moja. Alitaka kujua chuma kiliangukia wapi. Hakuuliza nani alikaza mpini, wala kwa nini aliazima kitu asichoweza kukilipa. Na yule mtu akamwonyesha mahali. Hapo ndipo nabii alipokata kipande cha mti na kukitupa pale pale palipoonyeshwa, na chuma kikaelea. Wahenga wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Chuma hiki hakikuundwa kielee. Kilielea kwa rehema. Lakini rehema ilishukia mahali ambapo mtu alikubali kunyoosha kidole na kusema, "Ni hapa."

Mimi kwa siku kadhaa sikuonyesha mahali. Nilisema betri ilikuwa ya zamani. Huenda kweli ilikuwa na umri wake, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kusema nusu ukweli. Nilikuwa nimesimama ukingoni, naonyesha upande mwingine wa mto. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na mimi niliumbuliwa na fundi asiyejua hata kwamba aliyesimama mbele yake ni mchungaji.

Pale pale kibandani nikamwambia kijana, "Mwanangu, niliiacha kwenye gari Tabata, juani, saa tatu nzima. Nilijua imepata moto, nikakurudishia bila kukwambia. Nisamehe." Aliinamisha kichwa, kisha akanishika mkono. Tulinunua betri nyingine na kulipia ufundi. Kazi za wateja zilikuwa salama, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nilichorudishiwa siku ile kilikuwa kikubwa kuliko kompyuta. Kijana alikuwa ameanza kunipa lile jibu la heshima ambalo watu humpa mkubwa wasiyetaka kumwamini tena, na sasa alizungumza nami kama mtu na baba yake.

Basi, wapendwa, tufanyeje?

Simu njoo nayo ibadani, izime kabisa, iweke kwenye mkoba. Kuizima ni nidhamu nzuri ya Kwaresma kuliko kuificha. Ukilazimika kuacha kifaa ndani ya gari kwa muda mfupi, usikiache dashibodi wala penye jua moja kwa moja. Chini ya kiti au kwenye buti kuna nafuu kidogo, ingawa nako huwa moto. Weka kizuia jua nyuma ya kioo cha mbele. Usiache kifaa kikichaji ndani ya gari lililofungwa, na pawabenki usiiache kamwe. Ukikuta simu imepata moto, itoe kwenye kava, izime, iweke kivulini ipoe taratibu. Usiitie kwenye friji, maana baridi ya ghafla huleta unyevu ndani yake, na usiichaji hadi ipoe. Betri ikivimba, usiibonyeze, usiitoboe, usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Ipeleke kwa fundi. Ukiona moshi, ondoa watu, kaa mbali na moshi huo, na piga Zimamoto 114.

Kumbukeni na vingine vinavyosahaulika kwenye gari. Marashi ya kopo yameandikwa yasikae penye joto zaidi ya nyuzi 50, na gari letu la mchana linapita hapo. Kiberiti cha gesi vivyo hivyo. Insulini ya mgonjwa wa kisukari huharibika kwa joto, na ikishaharibika huenda usiione tofauti kwa macho. Mgonjwa atajichoma sindano isiyofanya kazi. Mnaochukua dawa za bibi na babu zenu hospitalini, pelekeni dawa nyumbani kwanza, ndipo mwende sokoni.

Na juu ya vyote kuna amana moja ambayo hakuna fundi wa kuibadilisha. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Nchini Marekani, ambako habari hizi huhesabiwa tangu mwaka 1998, kwa wastani watoto zaidi ya 30 hufa kila mwaka ndani ya magari yenye joto, na zaidi ya nusu yao walisahauliwa na watu waliowapenda kwa moyo wote: baba aliyebadilishiwa ratiba asubuhi, mama aliyechoka, mtoto aliyelala kimya kiti cha nyuma. Msiwahukumu. Jiulizeni tu ni mara ngapi mmemwacha mtoto amelala garini mkiingia dukani "mara moja". Sasa mmesikia kwamba joto kubwa huja katika nusu saa ya kwanza. Mtoto ashuke nawe, hata kama utamwamsha, hata kama atalia. Na ukimbeba nyuma, weka mkoba wako pembeni mwake, ili usiweze kushuka bila kumwona.

Wiki hii nawapa kazi moja. Kila mmoja atafute kitu kimoja alichokabidhiwa na mwingine: chombo alichoazima, fedha za kikundi, siri ya rafiki, mtoto wa ndugu anayeishi kwake. Akitazame kwa utulivu aone kama kiko kivulini au kimeachwa juani. Na kama kimeshaharibika mkononi mwake, aende kwa mwenyewe, amwonyeshe mahali kilipoangukia. Aende kabla ya Jumapili.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyesimama ukingoni mwa Yordani na maskini aliyelilia shoka la watu, simama nasi. Utupe macho ya kuona mtu nyuma ya kila chombo tulichoazimwa. Utuzuie tunapokimbilia mema huku tumewasahau waliotuamini. Walinde watoto wetu tunapochoka na kusahau. Na pale tulipoharibu, utupe ujasiri wa kunyoosha kidole na kusema ni hapa, tukiamini kwamba rehema yako haijapungua. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.